Gaju Hajasimama

Titye, Kasulu

Mama Yohana mke wangu,

Mwakeye hapo Kibondo? Mguu wako unaendeleaje, na mahindi yamepata mvua? Mimi mzima wa mwili tu. Ningepiga simu, lakini sauti yangu ingekatika nawe ungesikia.

Unajua Kasulu nzima hakuna anayekamua kama mimi. Hata bosi anakiri. Ndiyo maana aliahidi, kwa miaka yangu saba hapa, kunigabia ndama wa Gaju, yule ng'ombe mwekundu, awe wangu kabisa, kama walivyogabiana wazee wetu. Mimba yake imebakiza mwezi.

Jumanne alikuja binti mtaalamu wa mifugo, kupima kama ng'ombe wetu wanaishi vizuri. Nikasema huyu mtoto nitamwonyesha. Tangu jana yake asubuhi niliwanyima maji, ili akifika awaone wanavyokunywa kwa raha. Akili yangu mwenyewe hiyo.

Nilipojaza birika la kunyweshea wakalivamia.

"Babu, hawa walikunywa lini?"

"Wana hamu tu, binti. Maji yangu matamu."

"Hii ni kiu, babu."

Mara Gaju akasukumwa na wenzake, akateleza kwenye sementi iliyolowa, miguu ya nyuma ikaachana. Leo Ijumaa hajasimama.

Binti hakunigombeza. Alisema tumtandikie nyasi nyingi, anywe, tumgeuze ubavu mara kwa mara, huenda akainuka. Bosi kasema Jumatatu analeta mchinjaji. Nilimbishia mpaka akachoka: "Haya mzee, akisimama kabla ya hapo, ndama ni wako."

Majirani walikuja kusaidia siku ile ile aliyoanguka. Nikawafukuza, nikasema mimi nimewahi kuangusha fahali peke yangu. Jana nilimsukuma Gaju, hakusogea hata kidogo. Nikawaita. Wakasema, "Mzee wa fahali, umeshindwa na jike?" Wakaenda zao shambani.

Ndama bado anapiga teke. Nimeweka mkono, nimemsikia.

Barua hii nampa dereva wa basi la leo ikufikie jioni. Mwambie mdogo wangu Zabroni aje kesho na wanawe watatu, na magunia ya kumnyanyulia. Akikumbusha maneno niliyomwambia kwenye msiba wa baba, kwamba sitamhitaji kamwe, mwambie kaka yake ameyameza yote.

Msalimie mama mkwe, na binti yetu Devota. Na mwalimu jirani anayekusomea barua hii, hapa mwishoni ashushe sauti.

Kila nikimpelekea ndoo, Gaju anakunywa huku ananitazama. Hajui ni mimi niliyemwangusha.

Mumeo,
Baba Yohana