Sufuria Moja ya Makuta

Jumatatu, Columbus

Andika, Neema mujukuu wangu, maneno ya koko yako, bibi yako, na usicheke. Donc ile timu ya beisboli ilipiga simu asubui, inauliza kama kaka yako Elie atakubali makuta kidogo, pesa chini ya bei yake, njo bamuchague acheze kwao. Baba yako akajibu "Hapana!" na sauti ya kupatana mahari. Kwetu hapana ya kwanza njo inafungua mazungumuzo. Hapa Amerika bakakata simu, bakachagua kijana mwingine.

Niliogopa. Sombe yangu, majani ya muhogo, iliungua kwa moto, na Elie hakukula hata kidogo.

Bon, nikamuuliza Elie sababu gani banataka kumupa kidogo. "Koko, kila timu iko na sufuria moja ya makuta ya kugawia vijana bapya bote. Ikipitisha ile kiasi, inapigwa faini. Ule kijana anamaliza universite, hana pengine pa kwenda, alikubali kidogo. Mimi universite inaningojea. Bakinipa kidogo, naenda kusoma."

Jioni simu ya ile timu ikalia tena. Bamemuchagua, na bamemupa mingi! Kumbe ni makuta yenye balibakisha kwa ule mwingine.

Tulipiga vigelegele mupaka jirani akagonga ukuta. Lakini minajiuliza: mama ya ule kijana, naye alipiga vigelegele leo?