Mate Yangu Yana Miaka Sitini na Tatu

Jumanne, 9 Septemba 2025

Majibu yamerudi. Miezi miwili iliyopita Wema, binti yangu anayefanya kazi maabara, alinitemesha mate kwenye kichupa akayatuma nje kupimwa umri wa seli. Siyo umri wa kalenda — umri wa mwili wenyewe, umechakaa kiasi gani, ili mtu ajue ajitunze vipi. Mimi niliyeendesha semi-trela hadi Lubumbashi na Durban, mate yangu yamenipita. Yamefika Ulaya!

Ripoti kurasa kumi na moja, rangi tele. Umri wa kitambulisho: 54. Umri wa mwili: 63. Wema akasoma mara mbili. Tereza, mke wangu, akauliza kama mashine za huko nazo hukosea. Wema akasema hukosea mwaka, miwili. Siyo tisa.

Nikawaambia hiyo tisa ni ile miaka niliyokesha barabarani. Hakuna aliyecheka. Na mimi sikuhisi chochote. Nilikuwa natazama kuku wa jirani anavyopenya uzio. Kama vile nimesomewa bei ya saruji.

Jumatano, 10 Septemba

Nyumbani kuna serikali mpya. Chumvi marufuku. Sigara zangu Wema amezitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Asubuhi nimetembezwa kwa miguu kutoka Maili Moja hadi Picha ya Ndege, kasi, saa ya Wema mkononi inahesabu mapigo ya moyo. Watu wananipa pole wakidhani nimefukuzwa kazi.

Mchana nimempeleka bwana kilimo wa ofisini kwetu kijijini Janga. Niliporudi nikafanya kosa, nikamsimulia Zahoro, dereva mwenzangu. Zahoro anatimiza sitini Desemba, anastaafu. Akawaita watu.

"Dogo, mwili wako unastaafu kabla yangu mimi kaka yako? Leta basi hiyo zamu yako ya safari ya Dutumi, ukapumzike."

Wakacheka wote, nami nikawazidi. Kwa kucheka hawaniwezi. Ila ni mdomo tu uliocheka.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimemsikia Wema jikoni na mama yake. Haendi tena Pretoria. Nafasi ya masomo ya miaka miwili, ameipigania tangu mwaka juzi, inabidi athibitishe kufikia Jumatatu. Anasema hawezi kukaa mbali wakati baba yake anazeeka kwa mwendo wa basi la Mwanza.

Tereza akasema Mungu atafungua mlango mwingine. Mlango uko wazi, mke wangu. Mimi ndiye niliyesimama katikati.

Ijumaa, 12 Septemba

Acha niandike, daftari halina mdomo.

Mashine haikukosea. Nina miaka sitini na miwili. Mwili umenizidi mwaka mmoja tu, na huo ni wa sigara. Kwa dereva wa masafa ya mbali — heshima!

Mwaka 1999 ofisi yetu hii ilitaka madereva wasiozidi miaka thelathini. Mimi nilikuwa na thelathini na sita na barabara zote za kusini mwa Afrika kichwani. Nikaenda kwa mama, Masaki ya Kisarawe. Akanipa kadi ya ubatizo ya mdogo wangu Nathanael. Alizaliwa 1971, akafa kwa surua akiwa na miaka minne. Niliingia pale Bernard, nikatoka Nathanael. Mama ananiita Bernard hadi leo; huku nimewaambia ni jina la utotoni. Tereza nilimpata mwaka uliofuata. Naye akaolewa na Nathanael. Na vyeti vyote vya binti yangu vimeandikwa Wema Nathanael.

Mdogo wangu nilimbeba mgongoni kumpeleka zahanati. Nikawa namtania njia nzima. Akanyamaza, nikadhani amelala, nikaendelea kumtania.

Nimeandika hilo na siku yangu inaendelea. Nimekula, nimeoga. Nimejifinya paja — linauma kama mapaja yote.

Nikisema, Wema atasafiri. Nikisema pia, atajua kasomeshwa na mshahara wa marehemu, na kiinua mgongo changu kiko kwenye jina hilo hilo. Hatanishitaki, namjua. Ataniangalia vipi, hapo ndipo sijui.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimejaribu. Nimemwambia Wema nina jambo kuhusu huu umri wangu. Akanishika mkono, akaniambia nisiogope, umri siyo hukumu. Kisha akanipima presha! Presha safi. Akaandika.

Nikamwambia kesho twende Masaki kumwona bibi yake. Akafurahi. Anataka amuulize magonjwa ya ukoo: nani alikufa, kwa nini, na miaka mingapi. Nikasema vizuri. Nilijua ninachokisema na bado nikasema vizuri.

Jumapili, 14 Septemba

Masaki, kibarazani kwa mama. Yuko karibu na tisini, anasikia kuliko mimi. Wema akamwamkia, akaitikia marahaba ndefu, kisha akanigeukia: "Bernard, mbona umekonda? Wanakunyima nini huko?" Nikamwambia wananinyima chumvi. Akasonya.

Tumekula muhogo. Wema akafungua simu, akaanza kuuliza na kuandika. Bibi, ulizaa watoto wangapi? Mama akahesabu kwa vidole: Bernard, Asteria, na yule mdogo. Wema akauliza mdogo yupi.

Mama akaniangalia. Alinipa nafasi, tena ndefu. Nilikuwa na muhogo mdomoni, nikaendelea kutafuna. Mimi niliyewachekesha askari wa mpakani Tunduma mpaka wakasahau kukagua mzigo.

Mama akachukua fagio. "Njoo mjukuu wangu ukamsalimie. Yuko nyuma ya mikorosho."

Msalaba ni wa saruji. Baba aliuandika kwa msumari kabla haujakauka — jina na miaka, herufi kubwa. Nilipaswa kwenda nao. Nimebaki hapa, nimetoa daftari.

Kutoka hapa naona kanga ya mama inainama na kuinuka. Wema amechuchumaa, anafuta majani kwenye saruji kwa mkono. Fagio limesimama. Wema hasimami. Ameangalia simu, ameangalia msalaba. Ameangalia simu tena.

Mama ameketi chini, miguu ameinyoosha.

Wema anakuja, peke yake. Hakimbii. Amepita shimo la takataka, amefika kwenye pipa la maji, ameita. Hakuita Baba.

"Bernard?"

Nikaitika "Naam," kama mtoto aliyeitwa na mkubwa wake. Sasa amesimama mbele ya kibaraza, simu mkononi, kesho ndiyo Jumatatu, ananingoja niinue uso, na mimi bado naandika