Muhuri Unaolalia Kushoto

Jumatatu, 14 Aprili 2025

Mvua tangu alfajiri. Siku ya sabini na moja ya eda.

Loveness, anayeniangalizia duka letu la vito tangu nilipokaa ndani, kaja na sampuli tatu kutoka kwa Bryson, yule mchapaji wa Chumbageni. Viboksi vitatu vyeusi, kila kimoja kina nembo yetu kwa namna yake. Cha kwanza stika. Cha pili chapa ya dhahabu, inagandishwa kwa moto. Cha tatu nembo imebonyezwa tu, bila rangi — huioni mpaka uinamishe kiboksi kwenye mwanga, ila kidole kinaisoma. Nichague ifikapo Jumatatu ya tarehe 28, Bryson akate kibati cha kuchapia, viboksi viwahi harusi ya yule mama wa Raskazone aliyeagiza hereni.

Stika nimeshaikataa. Masika hii! Nimeiweka dirishani saa sita, saa tisa imeshajikunja pembe.

Ya dhahabu ni nzuri. Ndiyo niliyoitaka mwaka mzima. Marehemu mume wangu, Tahiri, hakuitaka. Yeye alikuwa na muhuri wake, aliukata mwenyewe kwa wembe kwenye soli ya kandambili: TAHIRI ndani ya duara la kikuku. Kila kiboksi alikigonga kwa mkono, mlango wa chumba cha uani kaufunga, na kila kimoja nembo ililalia kushoto. Watu wakaizoea. Ukiona imelalia kushoto, ujue fedha iliyomo kaifua Tahiri sonara mwenyewe.

Jumapili ile nilimwambia viboksi vyake vinafanana na viberiti. Akanijibu: "Mashine haijui kilichomo ndani." Kesho yake akaingia kuoga, hakutoka. Moyo, alisema daktari.

Basi sasa naweza kuchukua dhahabu. Hakuna wa kunipinga. Nimeshinda mimi! Naona aibu hata kuliandika.

Jumatano, 16 Aprili

Nimesikia muhuri.

Adhuhuri imepita, mvua imepungua. Ko. Ko. Kisha kimya kidogo — kile cha kuupulizia muhuri pumzi, alivyokuwa akifanya wino ukizidi — halafu ko. Kule kule chumba cha uani. Mama amelala, kama kila mchana. (Mama ni Bi Kijakazi, mama yake Tahiri. Sijui namwelezea nani humu.) Loveness yuko dukani. Nyumbani hakuna mtu mwingine.

Nikasoma Ayatul Kursi mara saba. Sikwenda. Mimi niliyekuwa nikiwacheka watu wanaohama nyumba kwa ajili ya mashetani!

Alhamisi, 17 Aprili

Nimekwenda asubuhi. Viboksi sita rafuni, vimegongwa. Vyote vinalalia kushoto. Nimegusa kimoja, wino ukaniganda kidoleni.

Sikosei. Vile alivyoviacha Tahiri amevigonga viliisha Ijumaa iliyopita. Hivi niliviweka pale vitupu kwa mkono wangu, arobaini, vyeusi, havina kitu.

Nililia. Na niseme kweli, maana daftari hili halisomwi na mtu: nilifurahi. Nilisimama mle ndani nikamwambia samahani kwa maneno ya viberiti. Nikangoja. Hakuna kitu. Kuku wa jirani tu.

Jumamosi, 19 Aprili

Siku mbaya.

Tahiri aliacha vitu thelathini na kimoja vilivyokamilika. Nimekuwa nikivitoa kimoja kimoja, kwa uchoyo, kama mtu anayekula halua mwezi wa njaa. Jana kilibaki kipini kimoja cha pua. Leo Loveness kakiuza. Hakujua, na mimi sikumwambia akiweke. Kaja ananisimulia kwa furaha kwamba mnunuzi alikivaa pale pale. Nikamwambia vizuri, hongera. Nikaingia chooni, nikakaa huko mpaka akaondoka.

Kwa hiyo hakuna tena. Kinachotoka karakana sasa ni kazi ya Sabiri, mdogo wake. Kijana ana mkono mzuri, simkatai. Lakini Tahiri alikuwa akizungusha ukingo mpaka hauukwaruzi hata uzi wa hariri. Wa Sabiri bado unang'ata kidogo. Sabiri mwenyewe anajua. Wiki iliyopita alisimama nyuma ya pazia akaniambia, "Shemeji, zangu zitie kwenye viboksi vitupu. Mimi siye yeye." Nikamwambia sawa.

Sikufanya. Vile sita vya Alhamisi nimetia hereni za Sabiri, na vimeshaondoka. Mteja mmoja kamwambia Loveness mkono wa marehemu haujapotea. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi naijua, na bado ninatembea.

Mama sijamwambia. Anaamini mwanawe aliacha kapu zima. Kila nikipita na trei anasema alhamdulillahi.

Jumanne, 22 Aprili

Vingine vinane. Leo niliacha mlango wa uani wazi nikauliza kwa sauti: unataka ipi? Nikazitaja zote, stika, dhahabu, ya kubonyeza. Nilipotaja dhahabu bati likalia. Embe limeanguka, nadhani. Nadhani!

Silali vizuri mchana. Chakula hakipandi. Loveness kasema nimekonda, niende kupimwa. Mwenye eda aende kupimwa nini? Nimemjibu vibaya, nitamwomba radhi kesho.

Ijumaa, 25 Aprili

Ngoja niandike kabla halijapoa.

Saa nane kasoro, wanaume bado hawajarudi kutoka msikitini. Ko. Nikavua ndara, nikaenda pekupeku. Mlango ulikuwa umerudishiwa. Nikausukuma.

Mama. Amekaa kwenye kigoda cha Tahiri, kanga imemteremka mabegani, muhuri mkononi. Mkono wa kushoto.

Miaka kumi na mmoja naishi naye. Sijapata kuuona mkono ule ukifanya jambo zaidi ya kushika pindo la kanga. Anakula kwa kulia, tasbihi kwa kulia, na wa kulia wenyewe unamtetemeka, chai inamwagika. Huu wa kushoto haukutetemeka. Ulishuka ukapanda. Akaupulizia muhuri. Pumzi ile ile.

Hakugeuka. Akasema, "Usiniambie kwamba ni mkono mbaya. Nimeambiwa."

Nikakaa sakafuni. Akanieleza huku anagonga, taratibu, kama anamenya vitunguu. Alizaliwa hivyo. Mama yake akamfunga mkono kwa kitambaa mpaka akajifunza wa pili. Kisha akamzaa Tahiri. Ana miaka minne, wako kwenye sinia na wageni, mtoto akapeleka mkono wa kushoto kwenye wali. Akamtoa nje akamchapa. Na kesho yake. Na siku nyingine, hata mtoto akaacha. Akaandika kwa kulia, akala kwa kulia, akapiga nyundo kwa kulia. Muhuri tu ndio aliougonga kwa kushoto, amejifungia. Mama alijua kwa nini nembo inalalia kushoto, tangu kiboksi cha kwanza. Akanyamaza.

Halafu akaacha kugonga. "Nilimchapa kwa mkono huu huu, Hasina. Yeye analia kwamba mkono wake ni mbaya, na mimi nachapa kwa kushoto. Sikumwambia hata siku moja kwamba kautoa kwangu."

Nilitaka kumshika. Nilimshika. Sote wawili tumechafuka wino.

Jumapili, 27 Aprili

Hakuna shetani, basi. Ningetakiwa kushukuru. Lakini shetani angalau alikuwa mume wangu. Sasa nyumba ni tupu kweli, na yule niliyemwomba samahani hakuwepo.

Mama hajifichi tena. Kagonga kumi asubuhi, baada ya uji. Uso umemrudia. Kala samaki mzima.

Kesho Bryson anataka jibu. Nikichukua ya dhahabu, au hata hii ya kubonyeza, Mama anaweka muhuri chini. Nikiuacha muhuri, kila kiboksi kinachotoka humu ni uongo wenye jina la marehemu, na sasa nitakuwa nimemwingiza mama yake ndani ya uongo huo bila yeye kujua. Sabiri kaleta hereni jozi ishirini za Raskazone. Ziko mezani. Nimezifunika kwa kitambaa, sijui namficha nani.

Jumatatu, 28 Aprili

Saa nne. Loveness amesimama mlangoni na simu, Bryson yuko hewani, sauti imefunguliwa: "Dada, nikate kibati au nisikate?"

Nikamwambia asubiri. Mama ananiita chumba cha uani.

Nimemkuta ametoa hereni zote mezani. Kaziweka wazi, jozi ndani ya kila kiboksi, vifuniko pembeni. Anasema leo hataki kugonga kifuniko kitupu, anataka aone kazi ya mwanawe kwanza, ndipo aifunge. Akachukua moja, akaipitishia dole gumba ukingoni. Akairudisha. Akachukua nyingine, akapitisha tena, polepole zaidi. Mimi nimesimama.

"Hasina mwanangu. Za Tahiri zimebaki ngapi?"

Muhuri umeshachovywa. Kaushika juu ya kifuniko cha kwanza, hajaushusha, ananitazama.

Nikasema ngoja nikaangalie kwenye daftari.

Ndipo nilipo. Kitandani, daftari lenyewe hili, na hakuna cha kuangalia. Bryson anasema halo, halo. Loveness anamwambia dada anakuja. Nimekaa hapa dakika kumi sasa, na Mama hajaniita tena. Hakuna ko. Nasikia kifuniko kimoja kinafunikwa bila kugongwa. Sasa cha pili.