Nani Ataonja Uji wa Bibi

Mwananyamala

Mamdogo,

Siku ya mazishi yako Mjomba alisoma wasifu kwa sauti nzuri. Alitaja ulikozaliwa na shule ulizosoma. Alipofika kwenye kazi akasita kidogo, kisha akasema, "Marehemu hakujaliwa kupata ajira. Alikuwa nyumbani tu, na mama yetu." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa mwisho kabisa wa turubai, nikijiuliza hiyo "tu" imetoka wapi. Tangu Bibi alipopooza, sikumbuki kukuona umekaa.

Sasa yupo dada anaitwa Zawadi. Anamgeuza Bibi, anamwogesha, anamfulia mashuka, yote uliyokuwa ukifanya wewe. Analipwa, na Jumapili anapumzika. Juzi jirani aliuliza yule binti ni nani, Mama akamjibu, "Yuko kazini hapa." Nimelifikiria jibu hilo hadi darasani. Kitanda ni kilekile, Bibi ni yuleyule. Kilichobadilika ni nini? Nilimuuliza Mama. Akacheka, "Wewe na maswali yako." Halafu akaacha kuchambua mchele.

Wiki nzima Bibi alikuwa akimwachia Zawadi uji nusu. Jumapili ya kwanza, Zawadi akiwa mapumzikoni, Mjomba alikuja kumlisha. Bibi akafumba mdomo. Mjomba akambembeleza, akamtania kwamba anaringa kama bibi harusi, wapi. Uji ukaanza kupoa. Mwishowe Bibi akasema polepole, "Wa kuonja yuko wapi?"

Nikakumbuka. Ulikuwa unakaa kitandani kwake, unakunywa kijiko cha kwanza mwenyewe, unasema, "Mama, leo sukari imekolea," ndipo naye anafungua kinywa. Nikachukua kijiko, nikaonja, nikasema vilevile. Akanywa wote. Mjomba alitoka, akakaa barazani muda mrefu na tai yake ya kanisani.

Kabla hajaondoka aliniomba nisome wasifu wako kwenye misa ya arobaini, kwa wale ambao hawakufika mazishini. "Pale kwenye kazi," akasema, "andika wewe unavyoona."

Unajua ninavyotetemeka mbele za watu, Mamdogo. Lakini nimekubali. Nitasoma hivi: kazi yake ilikuwa kumtunza mama yake, na aliifanya mpaka alipougua. Sauti ikinikwama, nitaurudia mstari huohuo mpaka utoke.

Pumzika sasa. Uji wa kesho nitauonja mimi, kabla sijaenda shule.

Mwanao,
Tumaini