Waya Wangu wa Kijani

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni,
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, Bwana Mwakani (jina hilo amekupa mama, si mimi),

Salamu nyingi. U mzima? Kile kikohozi kimeisha? Shemeji yako na watoto hawajambo. Mimi ni mzima wa mwili, lakini moyoni nina hasira nawe na sitakuficha.

Unajua mama husafishwa damu hospitalini mara tatu kwa wiki, saa mbili kamili asubuhi. Akichelewa, mashine anapewa mwingine. Ndiyo maana tunalienzi lile gari ulilotuachia.

Jumatatu, katikati ya safari, mshale wa joto ulipanda mpaka kwenye nyekundu, mvuke ukafuka chini ya boneti. Nikasimama kando, na hapo nikagundua kwamba kila apitaye ni fundi. Mmoja alisema ni feni. Mwingine akasema injini imekufa, akanipa pole kabisa. Muuza magazeti akataka kufungua kifuniko cha rejeta maji yakiwa yanatokota! Nilimfukuza kwa mwavuli wa mama.

Nikakupigia wewe, uliyeliendesha miaka sita. Ukanijibu kama profesa: "Dada, subiri lipoe, ongeza maji, kisha fungulia hita mpaka mwisho. Itavuta joto la injini, mtafika tu." Nikakutii. Mama akavua sweta, akashusha kioo, akajiandaa kuchemka yeye badala ya gari. Hita ikatoa upepo baridi. Hatukwenda mbali, likachemsha tena.

Tulifika saa nne na nusu, tukivutwa na lori la mchanga. Mashine ilikuwa na mtu mwingine. Mpaka Jumatano mama alikuwa amevimba miguu, analala ameketi kwa sababu akijinyoosha anakosa pumzi. Nilimshikia mto mgongoni, na kila alipohema nilikutaja, si kwa wema.

Fundi wetu, mwanamke asiyependa maneno, alimulika tochi mara moja tu. Mipira miwili ya kupeleka maji ya moto kwenye hita ilikuwa imekatwa na kuunganishwa pamoja kwa kipande cha bomba, hita ikaachwa tupu. Badala ya klipu, palifungwa waya. Waya ulilegea, maji yote yakawa yanapotelea hapo. Akauliza nani alifanya kazi hii. Nikautazama ule waya vizuri: ulikuwa wa kijani.

Waya wangu wa kuanikia nguo! Siku waya huo ulipotoweka, mashuka yangu meupe yaliangukia matopeni, nikamshuku jirani, hatukusalimiana miezi minne. Nawe ulinisaidia kuutafuta! Ulichungulia mpaka kwenye banda la kuku! Na Jumatano, gari likiwa gereji, ni jirani yule yule aliyetupeleka hospitali. Sikujua niweke wapi uso wangu.

Uliikata hita, ukasahau kwamba umeikata, kisha ukanishauri niifungulie. Hivi una akili timamu?

Nilimweleza mama nikitegemea tutakulaumu pamoja. Akacheka mpaka nikaogopa. "Mwache," akasema. "Hita ilikuwa inavuja, inanilowesha miguu. Mimi ndiye niliyemwambia afanye kitu." Kisha akauliza utakuja lini.

Gari sasa lina mipira mipya na hita inafanya kazi. Jana mama alifika mapema, miguu yake ina joto.

Shemeji yako anakusalimu. Shangazi anasema simu yako siku hizi ni ya kupokea tu. Jirani hakukusalimu, na ana haki. Mungu akuepushe na mabaya, pamoja na ufundi wako.

Waya nimeuweka kwenye bahasha hii. Usiurudishe kwa posta. Uje nao mwenyewe, uufunge pale ulipoutoa, mama akiwa kwenye kiti chake uani anakutazama. Daktari ametuambia tusihesabu tena kwa miaka. Kwa hiyo usiniandikie kwamba utakuja mwakani.

Akupendaye, hata akiwa amekunja uso,
Dada yako