Sufuria za Turffontein

Yeoville, Agosti 2017

Mdogo wangu Cédric,

Huku baridi inauma. Binti yangu Bijou amejifungua salama, na cherehani yangu imepona.

Jumapili Warundi wa Turffontein walifika uwanjani na sufuria zao. Desturi unaijua: aliyefungwa mechi mwaka huu, mwaka unaofuata anakuja na chakula. Mwaka jana tuliwafunga. Wewe, rais wa timu, umeihamishia ligi ya Pretoria na hukuwaambia hata kwa simu. Walitukuta wawili tu, mimi na kipa wetu Gradi, mwanangu, amevaa jezi niliyomshonea.

Mama Spéciose, mpishi wao, akauliza, "Wenzenu wako wapi?"

Nikasema wamekwama kwenye foleni. Eish, nilidanganya kwa ajili yako! Gradi akanikatiza: "Wameenda ligi inayotaka wenye makaratasi ya ukaazi tu. Mimi sina, baba mdogo akaniacha."

Mama Spéciose alimpakulia sombe, majani ya mihogo, mpaka sahani ikajaa.

Jezi zenu mpya nimeziona kwenye picha, zinang'aa. Usinitumie hata moja. Na mkitaka tena mechi na Turffontein, jiandaeni vizuri: kipa wao sasa ni Gradi, mtoto wako.

Mkubwa wako,
Marcellin