Joka Linaporudi Nyuma

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichokitaja mara ya mwisho kimekwisha. Sisi huku hatujambo. Baba ana afya, ila macho tu. Siku hizi kutunga uzi sindanoni ni kazi ya robo saa, na hataki kusaidiwa. Jirani yetu Fundi Bomba anakusalimu sana. Anasema tangu uondoke hakuna wa kumtania kuhusu kofia yake. Na lile lililo kati yako na baba nitalifikia. Naomba usome mpaka mwisho.

Ule mchezo uliotutungia bado tunaucheza kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, juu ya meza ya kukatia nguo, ramani imechorwa kwa chaki ya kushonea kama ulivyotuzoesha. Vifungo ndio watu wetu. Baba ni kile cheusi cha koti, mpiga mkuki. Fundi Bomba ni cha kijani, mchawi asiyekumbuka maneno ya uchawi wake. Mimi nina daftari ulilonirithisha, pamoja na kazi ya kusimulia safari na kuwachezea viumbe wote wanaokutana nao. Baba husema anacheza ili tu jirani asije bure, lakini Jumamosi asubuhi ndiye anayefuta meza.

Sasa ucheke kidogo, maana nimekosea zaidi ya mwaka mzima. Ulipoondoka nilinakili viumbe wako kwenye vikadi ili nisihangaike kupekua daftari. Kwenye kila kikadi niliandika namba tu: kiumbe ana pumzi ngapi kabla ya kufa, dadu ilete ngapi ndipo apigike, na anauma mara ngapi kwa zamu. Maandishi ya chini ya ukurasa niliyaacha, nikidhani ni mapambo. Basi viumbe wangu wote wakawa wanapigana mpaka pumzi ya mwisho. Panya wa handaki walikufa wote kumi na wawili, mmoja mmoja, na hakuna aliyewaza kukimbia. Pambano hilo peke yake lilikula Jumamosi tatu. Fundi Bomba alisema hajawahi kuona panya wenye msimamo kiasi kile.

Jumamosi iliyopita wakakutana na lile joka lako la vichwa vitatu, linalolinda mayai. Lilianza na pumzi arobaini, likabaki na sita, nami bado nalisukuma mbele liume. Baba akaweka dadu chini. Akauliza ni mama gani huyo anayekubali kufa ayaache mayai yake. Nikamwambia kanuni ndivyo inavyosema. Akataka kuiona hiyo kanuni. Wakati huo huo mteja akabisha hodi kuulizia suruali yake, nikatoka kumhudumia, na niliporudi daftari lilikuwa mikononi mwa baba, miwani puani, akimsomea Fundi Bomba yale ya chini ya ukurasa.

Pengine umeyasahau. Uliandika kwamba kiumbe akibaki na chini ya nusu ya pumzi zake, msimamizi ajiulize kiumbe huyo anataka nini, kisha arushe dadu kuona kama moyo wake bado uko vitani. Akigeuza mgongo na kukimbia, aliye karibu naye anaruhusiwa kumpiga pigo moja la ziada. Lakini akitumia zamu yake yote kurudi nyuma polepole, uso mbele, hakuna ruhusa ya kumgusa. Baba alilirudia lile la pigo la ziada mara mbili. Kisha akafunua ukurasa unaofuata, na bahasha ikaanguka juu ya ramani.

Dada, hapa kalamu inakuwa nzito. Ilikuwa barua yako kwa baba, ile uliyoitia ndani ya yangu mwaka jana ukiniomba nimpe mkononi. Sikumpa. Niliificha humo nikijua hakuna anayelifungua daftari ila mimi. Uliponiuliza amesemaje, nikakujibu kwamba yuko kimya. Ilikuwa kweli, ndiyo maana iliandikika kirahisi. Baba alipochora kile kibao cha dukani cha "Fundi na Binti", binti akiwa wewe, hakuniuliza mimi kama nashona. Kisha ukaondoka alfajiri bila kuaga, kwenda kusomea umeme, naye akakigeuzia kibao ukutani, akatangaza mbele ya wateja kwamba sasa ana mtoto mmoja tu. Niliona aibu, na nilifurahi pia. Nilitaka kubaki huyo mmoja kwa muda kidogo. Ni ubaya, na nakuomba radhi.

Hakuifungua pale pale. Aliitia kwenye mfuko wa shati, akasema tumalize. Nikarusha dadu, ikaja mbili. Joka lilikuwa limeishiwa moyo. Nikalirudisha nyuma mraba kwa mraba hadi kwenye mayai yake. Fundi Bomba alitaka kulichoma moto, baba akamshika mkono na kumwambia halijageuza mgongo.

Jirani alipokwenda zake, baba aliisoma karibu na dirisha. Akaniuliza imekaa humo muda gani. Nikamwambia miezi kumi na minne. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema tu kwamba muda wote huo alidhani hujaandika. Halafu akapekua kopo la vifungo mpaka akakipata kile cha shaba, chako, akakiweka kwenye ramani, pale mlangoni.

Kibao bado kimegeuziwa ukutani, sitaki kukudanganya tena. Lakini leo asubuhi amenituma nikuandikie, na maneno haya ni yake: siku ile ulipogeuza mgongo aliruhusiwa kupiga, hakulazimishwa. Uje polepole, uso mbele.

Nisalimie wenzako wa chuoni, na ujitunze kifua. Jumamosi hii hatuchezi. Baba amesema zamu ni yako.

Mdogo wako,
uliyemwita Sindano Butu